Sheria Kwanza, Damu Baadaye

Ndugu waandishi, waongozaji, wapiga picha, na ninyi wapambaji mliokuja na rangi bado imeganda kuchani, karibuni.

Mada yetu ni filamu za mazombi za bajeti ndogo, zile zinazotaka kutisha, kuchekesha na kubuni sayansi kwa mkupuo mmoja. Mazungumzo ya namna hii kwa kawaida huanzia kwenye damu: inachanganywaje, zinahitajika lita ngapi, inarushwaje. Tutaifikia, na vipimo tutavitaja. Lakini filamu nyingi za aina hii haziharibiki kwa uchache wa damu. Huharibikia kwenye karatasi, kabla sukari haijawekwa jikoni, kwa sababu mwandishi hakuamua zombi wake ni kitu gani.

Chukulieni mswada ambamo ukurasa wa 8 mlinzi anang'atwa na kugeuka baada ya sekunde kumi. Ukurasa wa 60 anang'atwa mchumba wa shujaa, na huyu anapewa dakika tano za kuaga, kulia na kurudisha pete. Mtazamaji halalamiki. Anakaa kimya, ila ameshajua kwamba anayeua humo ndani ni mwandishi, wala si ugonjwa. Hofu inaisha hapo hapo. Na hofu ikiisha vichekesho navyo vinapwaya, maana kicheko cha filamu hizi ni pumzi ya mtu aliyekuwa ameibana.

Kwa hiyo kabla ya onyesho la kwanza andikeni majibu matano, sentensi moja moja. Ni nini kimewaamsha? Wanaambukizaje? Toka jeraha hadi kugeuka ni muda gani? Wanamtambua binadamu kwa hisi ipi? Ni nini kinawasimamisha? Hiyo ndiyo sayansi yenu, na hakuna kitu cha bei nafuu zaidi katika filamu nzima, kwa sababu haijengwi, haishonwi wala haikodishwi. Inasemwa tu. Mwongozaji wa Marekani George Romero alitengeneza filamu ya mazombi Night of the Living Dead mwaka 1968 kwa takriban dola 114,000. Maelezo ya kisayansi yanayotajwa ndani yake ni mionzi ya chombo cha anga kilichokuwa kikirudi kutoka Zuhura. Chombo chenyewe hatukioni hata mara moja. Tunasikia habari zake redioni na kwenye televisheni ya nyumba waliyojificha, na wakubwa wanaohojiwa wanapingana mbele ya kamera. Mtangazaji mmoja, meza moja, karatasi mkononi, na dunia imekwisha. Maabara yenye mitungi ya moshi wa kijani ingekula pesa zote na isingetisha nusu yake.

Tena, sheria ya kisayansi ina bei, na wachache huipiga hesabu. Tuseme mazombi wenu hawaoni kabisa, wanafuata sauti. Mmeshaokoa pesa: maonyesho marefu yatachezwa bila maneno, hamtahangaika na maikrofoni katikati ya barabara, na mnaweza kurekodi sauti zote baadaye chumbani. Hofu imeingia yenyewe, kwa sababu kila mlango unaolia ni hatari. Kichekesho nacho kimeingia bila kualikwa: kuna mtu mwenye mafua, kuna mtu tumbo linaunguruma, kuna wanandoa wanaogombana kwa ishara za mikono huku zombi amesimama kati yao. Sasa geuzeni: tuseme mazombi wanaamka umeme ukiwaka na kulala ukizimika. Ni wazo zuri, kwa sababu giza linakuwa salama na taa inakuwa adui, na daima yupo mmoja wa chumba cha pili anayewasha swichi kwa mazoea. Lakini hesabuni: kila mara zombi anaposogea, anasogea kwenye mwanga kamili, na mwanga kamili haumsamehi mpambaji. Sheria ya kwanza inaokoa pesa za vipodozi, ya pili inazila. Zote mbili zafaa, mradi mjue mnalipia wapi.

Kuhusu kuchanganya hofu na kicheko tutasema kidogo, kwa kuwa wengi hapa wanajua kuchekesha na tatizo lao ni kutojua kunyamaza. Zombi asijue kwamba yumo kwenye kichekesho. Yeye ana njaa, basi. Wanaochekesha ni wazima, wanaoendelea na ubahili, wivu na ubishi wao huku mlango unavunjwa. Zombi akianza kukonyeza kamera au kucheza dansi, hatari imekwisha na mtakuwa mmebaki na watu waliojipaka unga.

Upigaji picha pia hutofautiana. Kichekesho kinataka fremu pana iliyotulia, ambamo chanzo na matokeo vyote vinaonekana: bwana anahutubia wenzake kuhusu tahadhari, na nyuma ya bega lake zombi anaingia polepole kupitia dirisha ambalo yeye mwenyewe alisema amelifunga. Mkikata na kumsogelea zombi kwa karibu, kicheko kimekufa. Hofu inataka kinyume chake, fremu finyu inayoficha. Msiende mkichanganya vyote ndani ya sekunde ile ile. Mwacheni mtazamaji acheke, mpeni sekunde moja na nusu au mbili za kuvuta pumzi, kisha mpigeni. Na yule mhusika anayependwa kuliko wote, akifa, afe bila utani wowote. Kifo kimoja cha kweli ndicho kinachofanya vile vingine tisa vya kuchekesha viwe na uzito.

Sasa vipodozi, ambako pesa na muda hupotea zaidi. Kosa la kawaida ni kumpamba kila zombi kana kwamba atapigwa picha ya pasipoti. Gawanyeni mazombi kwa umbali wao na kamera. Safu ya mbele ni wale wanaofika ndani ya mita 2. Hawa wanahitaji majeraha yenye unene, na kila mmoja atachukua dakika 90 hivi. Safu ya kati, mita 2 hadi 6, inatosheka na rangi: kijivu chenye kijani kidogo, zambarau iliyoiva kuzunguka macho, vivuli chini ya mifupa ya mashavu, damu kavu kidevuni. Dakika 15. Safu ya nyuma ni nguo chafu, poda ya kijivu usoni na mwendo. Dakika 3. Mkiwa na mazombi 20, yaani 3 wa mbele, 7 wa kati na 10 wa nyuma, jumla ni dakika 270, 105 na 30, sawa na 405. Wapambaji wawili wataimaliza kazi hiyo kwa saa tatu na dakika ishirini na ushei. Wakianza saa kumi na moja alfajiri, kamera ianze saa tatu asubuhi, siyo saa moja. Mwongozaji anayewaita watu wote saa kumi na mbili na kudai shoti ya kwanza saa moja atapata mazombi wenye mistari ya rangi shingoni na hasira za kweli.

Jeraha la unene hutengenezwa kwa lateksi ya maji, yaani mpira wa majimaji unaoganda ukikauka, na tishu nyepesi ya tabaka moja. Chaneni tishu, msiikate kwa mkasi, kwa sababu ukingo ulionyooka huonekana hata gizani. Pakeni lateksi, bandikeni tishu, pakeni tena, kausheni kwa kipulizo cha nywele kikiwa kwenye hewa baridi. Rudieni mara tatu au nne. Kisha toboeni katikati, inueni kingo, jazeni rangi nyeusi ndani kwanza halafu nyekundu. Wengi hujaza nyekundu peke yake na jeraha linabaki kama jamu juu ya ngozi: ule weusi ndio unaoleta kina. Lateksi ina amonia, kwa hiyo isisogezwe karibu na macho, na kuna watu ambao miili yao huikataa vibaya. Mjaribuni kila mwigizaji kwenye ngozi ya ndani ya mkono saa 24 kabla. Nyusi, ndevu na vinyweleo vipakwe mafuta mazito ya kujipaka kabla, la sivyo vitatoka pamoja na jeraha.

Jelatini ni laini zaidi na inatikisika kama nyama: sehemu moja ya unga wa jelatini, moja ya gliserini, moja ya maji ya moto. Yeyusheni taratibu bila kuchemsha, jaribuni kwenye kifundo cha mkono wenu kabla ya kumwekea mtu usoni. Kasoro yake ni joto. Mwigizaji akitoka jasho, shavu la jelatini huanza kuteleza, na kufikia saa nane mchana zombi wenu ana shavu shingoni. Itumieni usiku au ndani penye ubaridi. Juani kaeni na lateksi.

Lenzi za macho za rangi muziache. Zile za bei ya chini hukwaruza jicho, na kuazimana ni njia ya uhakika ya kuambukizana. Kivuli kizito juu na chini ya jicho, na taa iliyowekwa juu kidogo ya kichwa ili macho yazame, hufanya kazi hiyo hiyo bure.

Haya, damu. Vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji, chemsheni kwa moto mdogo kama dakika 5 baada ya sukari kuyeyuka, acheni ipoe. Ongezeni vijiko vikubwa 2 vya rangi nyekundu ya chakula ya maji, kisha kijiko kikubwa 1 cha unga wa kakao mliouchanganya kando na maji ya uvuguvugu ili usifanye madonge. Malizieni na matone 2 au 3 ya rangi ya bluu. Kakao inaondoa ule uwazi wa sharubati, bluu inaua upinki. Mtapata karibu nusu lita. Damu ya jeraha la siku nyingi iongezewe kakao hadi iwe kahawia. Ikiwa filamu yenu ni ya nyeusi na nyeupe, mambo ni mepesi zaidi: Romero na wenzake walitumia sharubati ya chokoleti, na hakuna aliyegundua kwa macho.

Kasoro za damu ya sukari ni nne. Inateleza ikiwa mbichi na kunata ikikauka, kwa hiyo mwigizaji anayekimbia kwenye vigae ataanguka, na kiatu kitalia kwenye kila shoti inayofuata. Inaita sisimizi na nyuki. Na inachacha, ikikaa zaidi ya siku mbili tatu nje ya jokofu msimwekee mtu mdomoni. Mbaya zaidi ni doa. Rangi ya chakula hukaa ukutani kuliko mpangaji. Kwa nguo na kuta, tengenezeni damu nyingine kwa sabuni ya maji ya kufulia iliyotiwa rangi ya watoto ya kuchorea inayofulika, na chupa yake iandikwe kwa herufi kubwa SI YA MDOMO. Chochote kinachong'atwa, hata ile ngozi inayovutwa kwa meno, kiwe cha kulika toka mwanzo hadi mwisho: jelatini ya matunda iliyogandishwa nyembamba kwenye sinia hukatika vizuri na haina lateksi.

Damu ya kuruka haihitaji baruti. Chukueni sirinji ya mililita 60 isiyo na sindano na mrija wa plastiki wa milimita 6, upitishwe chini ya nguo upande ambao kamera haiuoni. Damu ipunguzwe uzito, sehemu 3 za damu kwa 1 ya maji. Jazeni mrija wote kabla ya kuanza. Mkiacha hewa ndani, itatangulia, na mshipa wa shingo utakohoa mapovu. Shambulio moja la karibu halihitaji zaidi ya kikombe kimoja. Lita tano kwenye skrini zinaonekana mchuzi, labda kama mchuzi ndio mnaoutaka, na katika vichekesho mara nyingine ndio unaotakiwa hasa.

Umati wa mazombi mia hautengenezwi kwa watu mia. Lenzi ndefu, ya milimita 85 kwenda juu, hubana umbali kati ya watu. Kumi na wawili waliopangwa kwa kupishana hujaza fremu. Mkitaka zaidi, fungeni kamera kwenye stendi yake, fungeni pia mwanga, fokasi na rangi zisijirekebishe zenyewe, kisha pigeni mara tatu: kundi liwe kushoto, halafu katikati, halafu kulia, huku wakibadilishana mashati. Mhariri ataunganisha vipande vitatu kuwa picha moja. Yapo mambo mawili yanayoharibu. Mtu akivuka mpaka wa sehemu yake, mkono wake utakatika hewani. Na wingu likipita katikati ya kazi, theluthi moja ya umati itakuwa na kivuli na nyingine haina, kwa hiyo malizeni mara zote tatu ndani ya dakika kumi.

Wanaopenda mazombi wenye mwendo wa kukatika katika hupandisha kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha, toka 1/50 ya sekunde hadi 1/200 au zaidi. Inapendeza. Ila taa nyingi za LED za bei ya chini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, na mara 120 kwenye wa hezi 60. Kwa 1/200 kamera itayaona mapigo hayo kama michirizi au mpwito. Jaribuni siku moja kabla, au fanyeni mwendo huo juani. Na kama hamna taa za usiku, pigeni mchana mkiwa na jua nyuma ya waigizaji, punguzeni mwanga unaoingia kamerani kwa stopu 2, yaani ubaki robo, wekeni mizani ya rangi kwenye kelvini 3200 ili picha iwe ya bluu, na anga isiingie kwenye fremu kabisa. Anga ndiyo inayotoboa siri.

Sauti hatuwezi kuiruka, kwa kuwa macho ya mtazamaji husamehe mengi na masikio hayasamehi. Mfupa unaovunjika ni bua la seleri au karoti zilizofungwa kwenye kitambaa chenye maji na kukunjwa ghafla karibu na maikrofoni. Utumbo ni mikono ndani ya tikiti maji lililopasuliwa. Pigo la kichwa ni kabichi. Kila zombi arekodiwe dakika tatu za kukoroma peke yake, kisha shusheni sauti hizo nusutoni (hatua ndogo za muziki) tatu hadi tano na kuzipanga tabaka tatu. Msirudie mkoromo mmoja kila mara. Baada ya mara ya nne mtazamaji anaufahamu na kuanza kuusubiri kama wimbo. Kila mahali mnapopiga picha, watu wote wanyamaze kwa sekunde 60 mrekodi ukimya wa pale. Mhariri atawabariki.

Ratiba. Ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya filamu. Timu ndogo inamudu kurasa 5 za mazungumzo kwa siku, lakini zenye damu na mapigano ni 2 tu, na anayesema 4 hajawahi kufuta sakafu kati ya shoti. Filamu ya dakika 80 yenye kurasa 20 za mapigano inataka siku 10 za hizo na siku 12 za zilizobaki. Peter Jackson aliipiga Bad Taste, yenye wageni wa anga wanaowinda nyama ya binadamu, mwishoni mwa juma kwa karibu miaka minne hadi ikatoka mwaka 1987, na barakoa zake alizioka kwenye oveni ya mama yake. Njia hiyo ipo, ila nywele, vitambi na ndoa za waigizaji hubadilika njiani. Yeyote atakayesikika miongoni mwenu akisema filamu inaweza kutengenezwa kwa pauni 45, kama ilivyotangazwa kuhusu Colin, filamu ya mazombi ya Marc Price ya mwaka 2008, aulizwe ni nani waliojitolea bure na kamera ilitoka wapi.

Shati la kila mhusika mkuu linunuliwe mara tatu: safi, lenye damu kiasi, lililoloa. Ndani ya eneo moja pigeni kwanza maonyesho safi, damu iongezeke, isirudi nyuma. Kila baada ya shoti mtu mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo na isiyo nyingine apige picha za simu za madoa, mbele na nyuma. Wenye lateksi kuzunguka mdomo wapewe maji kwa mrija, na mapanga yote yawe ya sponji au kadibodi, hata yale ya shoti ya mbali. Majirani na polisi wajulishwe kwa maandishi kabla ya siku, maana mtu anayechungulia dirishani hamuoni mpiga picha. Anaona kundi lenye damu linamkimbiza mtoto.

Kasoro zitabaki tu. Baadhi mnaweza kuziajiri. Mwongozaji wa Japani Shinichiro Ueda mwaka 2017 alifungua filamu yake One Cut of the Dead kwa shoti moja isiyokatwa ya dakika 37, yenye ukimya usioeleweka na kamera inayoyumba, halafu nusu ya pili ikaeleza kila kasoro ilitoka wapi, na kicheko chote kikawa hapo. Bajeti ilikuwa yeni milioni 3. Angalieni lakini: kasoro zile zilipangwa kwenye mswada. Ya kwenu iliyotokea kwa bahati mbaya haitakuwa kichekesho kwa sababu tu mmechelewa kuiona.

La mwisho ni karatasi. Msambazaji wa filamu ya Romero alibadilisha jina lake dakika za mwisho, na tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani likaondoka nalo. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hilo lilitosha kuifanya mali ya umma. Yeyote aliweza kuinakili na kuiuza bila kuwalipa walioitengeneza. Leo katika nchi nyingi kukosa tangazo peke yake hakuwezi kuwapokonya haki, lakini muziki usio na ruhusa na mwigizaji asiye na mkataba wanaweza kuwazuia kuionyesha filamu. Andaeni fomu za kila anayeonekana kwenye fremu, hata zombi wa safu ya nyuma wa dakika tatu, na zisainiwe asubuhi kabla ya vipodozi. Zikisainiwa jioni, sisimizi watakuwa wa kwanza kuzisoma.